Tuta la Nandali

Kaka yangu Osea hajui kusema jambo kwa ufupi. Ukimuuliza kama mvua imenyesha huko kwetu Chitete, atakuanzia na upepo wa juzi. Nasema haya kwa upendo, ingawa mwenyewe akisikia atanuna, maana nusura mdomo wake umkoseshe mtoto wetu mke.

Mtoto mwenyewe ni Clever, mwana wa marehemu mdogo wetu. Baba yake alilipata jina hilo akiwa kibarua upande wa Zambia, akaliona zuri, nasi tukalizoea. Mdogo wetu alipofariki nilimchukua Clever nikamlea Tunduma, ambako nauza maharage na mchele sokoni. Alisoma, akapata kazi kwa wakala wa forodha, kutwa anakimbizana na madereva wa malori. Mwaka 2003 alinijia jikoni akisugua kidole gumba, kama alivyokuwa akifanya utotoni akishavunja kikombe, akasema, "Shangazi, nimepata mtu."

Mtu huyo aliitwa Witness, muuguzi wa zahanati moja pale mjini, mzaliwa wa Ikinga, kule milimani Ileje. Nilimpenda siku ya kwanza. Alinikuta nachambua maharage, akavuta ungo wa pili bila kuambiwa, akaanza kuchambua huku tunapiga soga. Nikamwambia Clever, ukimwacha huyu akapita, usije kwangu kulia.

Basi tukajipanga kwenda kuposa. Mshenga wetu alikuwa Ramadhan, mtu wa Kondoa aliyehamia Tunduma zamani, mwenye gari la kubeba viazi kutoka Ileje. Kule milimani wanamjua kila nyumba, na ana maneno matamu ya kumtoa nyoka pangoni. Mkuu wa msafara, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo, alikuwa Osea.

Sasa, kule kwetu na kwao pia, hupewi binti mpaka useme wewe ni nani. Wazee wa msichana watauliza, nanyi mtasimama mtaje ukoo wenu na asili yake. Osea aliisubiri nafasi hiyo kama mtoto anavyosubiri sikukuu. Kila harusi, kila matanga, kila ubatizo, hadithi yake ilikuwa moja, ya baba wa babu yetu, Sikalumba, mkulima na askari wa zamani zile kabla Wajerumani hawajafika. Inabidi niwape na ninyi, ila mimi nitaifupisha.

Sikalumba, anasema Osea, alitembea na mkuki mkononi na jembe begani. Masika alilima, kiangazi alipigana. Kijiji chake alikizungushia boma la magogo na handaki, na wavamizi waliokuja kutafuta watu na ng'ombe waligonga ukuta wakarudi. Ghala lake la ulezi lililisha vijiji vitatu mwaka wa njaa. Halafu Osea anapandisha sauti, maana hapo ndipo pake. Kiangazi kimoja Sikalumba aliongoza vijana kwenda milimani mashariki, mpaka kwenye kijiji kilicho chini ya mawe mawili yanayoegemeana vichwa. Wakachoma nyumba, wakaswaga ng'ombe. Shambani, juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, palikuwa na msichana anayeamia ndege wasile ulezi. Sikalumba akamteremsha, akarudi naye. Huyo ndiye Nandali, aliyemzaa babu yetu. Hapo Osea hunyanyua mikono, na sisi wanawake hupiga vigelegele ili akae chini tule.

Wanawake wa ukoo tulikuwa na ya kwetu, tuliyopewa na bibi yetu, ambaye aliolewa na mwana wa Nandali akaishi na mama mkwe huyo miaka mingi. Na tulikuwa na tuta. Katika shamba letu la Chitete, tuta la mwisho upande wa mashariki halivunwi. Zamani lilipandwa ulezi, siku hizi mahindi, lakini halivunwi. Linakauka, linaliwa na ndege na nyani, linalala. Linaitwa tuta la Nandali. Wanaume walitucheka kwamba ni uvivu wa wanawake uliopewa jina la marehemu. Bibi alituambia Nandali alipoulizwa sababu alisema hivi: "Watu wangu wakija kunitafuta, wasilale njaa." Hawakuja, akazeeka, akafa. Sisi tukaendelea kuliacha, na kusema kweli mimi mwenyewe nililiacha kwa mazoea tu.

Tulifika Ikinga mwishoni mwa Julai, mchana, vumbi limetuvaa mpaka kwenye kope. Nyumba ya mzee Anania, baba yake Witness, iko mgongoni mwa kilima, na ua ulikuwa umefagiwa ukapigwa maji. Osea aliteremka akilalamikia kiuno, akaingia ndani moja kwa moja. Mimi nilibaki nje nikikung'uta kitenge. Nikainua macho.

Juu ya kilima, nyuma ya nyumba ile, palikuwa na mawe mawili makubwa kama nyumba. Yalikuwa yameegemeana vichwa.

Sikumbuki nilivyoingia ndani. Wageni walikuwa wameshapangwa, wanaume kwenye viti upande wa dirisha, wanawake mkekani upande wa mlango, na kati yangu na kaka yangu palikuwa na meza, sinia la ndizi na wazee wa watu. Nilimkonyeza. Akadhani jicho limeingia vumbi. Nikakohoa. Nikakohoa tena mpaka mama mmoja akaniletea maji. Pembeni yangu alikuwa amekaa mama yake Anania, Bibi Fides, amejifunika blanketi jipya tulilomletea, mzee wa miaka zaidi ya themanini mwenye macho makali ya kunguru.

Anania alilipokea jembe letu jipya, ambalo ndilo linalosema tumekuja kuomba mke, akaliegemeza ukutani. Akasema, "Mshenga tumemsikia. Sasa mtuambie wenyewe, ninyi ni watu gani?"

Osea akasimama. Ramadhan, ambaye hadithi ile alishaisikia kwenye misiba mingi, aliangalia dirishani kupitisha muda, akayaona mawe. Nilimwona akishtuka. Akamvuta Osea koti. Osea akauondoa mkono wake kama mtu anayeondoa inzi.

Alisema yote. Mkuki, jembe, boma, ghala. Alipotaja mawe mawili yanayoegemeana, watu wa nyumba ile waliacha kutafuna. Yeye akadhani utamu umewakolea, akaongeza chumvi. Akachoma nyumba moja moja. Akaswaga ng'ombe kwa mluzi. Akamteremsha msichana kwenye dungu. "Na huyo," akamaliza, mikono juu, "ndiye bibi yetu!"

Hakuna aliyepiga kigelegele. Clever alikuwa amefunika uso kwa viganja.

Bibi Fides ndiye aliyesema, na hakupandisha sauti. "Dungu lilikuwa pale," alisema, akanyoosha kidole nje ya mlango, chini ya mteremko. "Alikuwa dada yake babu yangu. Jina lake Sekela. Ninyi mlimwitaje?"

Osea alikuwa bado amesimama, na mikono yake ilikuwa inashuka polepole. Nikajibu mimi. "Nandali, bibi."

"Yaani mwanamke wa Kindali, wa kabila letu." Alinitazama. "Hata jina hamkumuuliza."

Nilitamani ardhi ipasuke. Anania alisimama, akalichukua jembe ukutani, akamrudishia Ramadhan kwa mikono miwili, kwa heshima zote, na heshima ile iliuma kuliko tusi. "Binti mmoja mlimchukua bila kupiga hodi," alisema. "Wa pili hamtampata kwa kupiga hodi. Kuleni ndizi, mwende salama."

Nani angekula? Nje, Osea alisimama kando ya gari akiwa amepauka, anasema yeye hakujua, angejuaje. Nikamwambia mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Umeuimba miaka hamsini, leo umekutana na mwenye jeraha. Kisha nikaondoka pale kabla sijasema mabaya zaidi, nikateremka shambani kwa watu nikiwa nalia kwa hasira, na kwa aibu, na kwa Clever wangu aliyebaki mlangoni akiangaliana na Witness kama watu waliotenganishwa na mto.

Shamba lilikuwa limevunwa. Mabua yamelazwa, kunde zimeng'olewa, udongo mweupe mpaka chini bondeni. Isipokuwa mwisho kabisa, upande wa magharibi. Pale palisimama tuta moja la mahindi makavu, mahindi yenyewe yananing'inia, mengine yamedonolewa, na hakuna mkono uliokuwa umeyagusa.

Nilisimama machozi yakakauka yenyewe. Nikasikia fimbo nyuma yangu. Bibi Fides alikuwa amenifuata, amevua blanketi letu, kajitanda khanga yake ya zamani.

"Bibi," nikamuuliza, "tuta hili mbona hamjavuna?"

"Hilo halivunwi."

"Kwa nini?"

Akakaa ukingoni mwa shamba, akapumua. "Siku walipokuja, Sekela alikuwa zamu. Upande huu ndio aliokuwa akiulinda. Vita vilipokwisha watu walirudi wakavuna kilichobaki, lakini mama yake alikataa upande huu kuguswa. Alisema mwenye zamu hajarudi. Mwaka uliofuata akakataa tena. Tangu hapo tunaacha tuta moja. Wajukuu wananicheka, wanasema bibi anafuga panya."

Nikakaa karibu naye nikamsimulia tuta letu la Chitete, lililo upande wa mashariki, linaloangalia milima hii. Nikamwambia maneno ya Nandali, kwamba watu wake wakija wasilale njaa. Bibi Fides alinishika mkono.

Baadaye akauliza, "Alimpiga?"

Hilo lilikuwa swali la haki, nami nikamjibu ninachokijua. Nilimwambia sijui yote, na sitasema babu yetu alitenda mema, maana hakutenda. Lakini iko hadithi ya wanawake, ambayo kaka yangu haipendi. Sikalumba aliendelea kwenda vitani hata baada ya Nandali kuzaa. Mtoto wa kwanza alikuwa wa kike. Binti akakua, ukafika wakati wake wa kupanda dunguni kuamia ndege, kama mabinti wote. Asubuhi ile ya kwanza Nandali alimpeleka binti mpaka mbele ya mumewe, akasema, "Mwanao anakwenda dunguni." Basi. Hakuongeza neno. Vijana walikuwa wanamsubiri Sikalumba langoni na mikuki, safari ilikuwa imeshapangwa. Akamtazama binti. Akaweka mkuki chini, akachukua kombeo, akapanda dunguni yeye. Askari aliyeogopwa nchi nzima akakaa juu ya vijiti akipigia kelele ndege wa ulezi, na watu walicheka mpaka wakagaagaa. Hakwenda vitani tena. Kila msimu alipanda dunguni mwenyewe mpaka alipozeeka, na binti zake wote hawakukaa zamu hata siku moja.

"Aliogopa," alisema Bibi Fides.

"Aliogopa, bibi. Alijua watu kama yeye wanafanya nini."

Tulikaa mpaka kivuli cha mawe kikatufikia. Ndipo akasema, "Anania ni mwanangu, nikimwambia atasikia. Kuhusu udugu msihofu, ukoo ni wa baba, na vizazi vimepita. Ila kaka yako arudi. Asimame palepale aseme tena. Aanzie kwa mtoto, asianzie kwa mkuki. Na hiyo ya ndege, aiseme yeye kwa kinywa chake."

Nilirudi garini nikiwa na matumaini. Tulipofika Tunduma yalikuwa yamenyauka, kwa sababu Osea alikataa katakata.

"Unataka nisimame mbele ya wakwe nikaseme babu yangu alikuwa mfukuza ndege?" alifoka. "Mimi na umri huu? Ukoo utabaki na nini?"

"Utabaki na mke wa Clever," nikamwambia.

Alipanda gari la kwenda Chitete bila kuaga. Wiki mbili zikapita. Witness aliendelea kuja kwangu kuchambua maharage, lakini hakuwa akicheka, na Clever alikonda. Ramadhan akaja kunipa pole, akasema yeye ameshawapatanisha wanaume waliovutana mashati, ila hajawahi kukutana na mzee anayegombana na marehemu. Mwisho Clever alisema atakwenda mwenyewe. Nilimsindikiza Chitete, barabara ile mbovu, tukamkuta Osea amekaa uani anachonga mpini.

Clever alipiga magoti. "Baba mkubwa," alisema, "bila hadithi naweza kwenda. Bila wewe siwezi. Sina baba mwingine wa kusimama pale."

Osea aliendelea kuchonga. Akachonga mpaka mpini ukawa mwembamba, haufai. Kisha akautupa, akachukua kikapu, akaelekea shambani. Mimi nikamfuata kwa mbali, maana namjua, akikasirika anaweza kung'oa mti. Alikwenda mpaka tuta la Nandali, akasimama mbele ya mahindi yale makavu muda mrefu. Mtu ambaye maisha yake yote alilicheka tuta lile. Nikamsikia anaongea peke yake, nikadhani ananilaani, kumbe anasema, "Sekela. Sekela." Alikuwa anauzoeza ulimi jina hilo. Halafu akaanza kuvuna, hindi kwa hindi, yale ndege waliyoyabakiza.

"Kaka, tuta hilo halivunwi," nikamwambia.

"Si alisema watu wake wasilale njaa?" alinijibu bila kugeuka. "Sasa sisi tunawafuata mikono mitupu?"

Pale nilimsamehe kaka yangu kila kitu, hata hotuba aliyoitoa kwenye harusi yangu.

Tulirudi Ikinga mwishoni mwa Agosti. Anania alitupokea kwa uso mkavu, lakini alitupokea. Kikapu cha mahindi tulikiweka katikati ya sebule, juu ya mkeka, na jembe juu yake. Bibi Fides alikuwa mahali pake. Anania akauliza kama awali, "Ninyi ni watu gani?"

Osea akasimama. Akakohoa. Mikono hakujua aiweke wapi, akaifunga nyuma.

"Palikuwa na msichana," alisema. "Jina lake Sekela. Alikuwa anaamia ndege pale chini, katika shamba la baba yake. Hakuwa na kosa. Akaja mtu wa kwetu mwenye mkuki, akamchukua, na sisi wote tulioketi hapa upande huu tumetoka katika kosa hilo." Nikajua bado kuna la ndege. Akalisema. Alilisema lote, binti, kombeo, dungu, kicheko cha watu. Alipofika mahali babu yake anapiga kelele juu ya vijiti, mzee mmoja wa upande wa wenyeji alicheka, kisha akaziba mdomo kwa aibu, na Osea mwenyewe akacheka, machozi yanamtoka. Nyumba nzima ikacheka. Sijawahi kusikia hadithi ya kaka yangu ikiwa fupi hivyo, wala nzuri hivyo.

Anania aliyashika mahindi ya kikapuni, akayageuza mkononi. Akamtazama mama yake. Kisha akalichukua jembe, akaliingiza chumbani, na mlango ukafungwa nyuma yake. Wanawake wakajua posa imekubaliwa. Vigelegele vilivyopigwa siku ile nadhani hata mawe yale yalisikia.

Bibi Fides hakupiga kigelegele. Alimwita Witness, akamkabidhi kikapu kitupu. "Nenda kavune tuta la mwisho," alimwambia. "Lote. Mwenye zamu amerudi."

Tukateremka sote, wa huku na wa kule, hata Ramadhan na suruali yake ya kupigwa pasi. Mahindi ya milimani na ya Chitete yakamwagwa pamoja kwenye mkeka mmoja uani, yasagwe unga wa ugali wa wakwe. Kuku wa nyumba ile, ambao hawakuwa na habari ya posa wala ya vita, wakayavamia.

Kabla mtoto yeyote hajaitwa, kaka yangu alivuta kigoda akaketi kando ya mkeka, koti la suti mwilini na ufito mkononi. Akawainga kuku wale kwa kelele mpaka jua likazama, na hakuna aliyeruhusiwa kumpokea zamu.